Muundi wa Kushoto

Kabla sijagusa mguu, naomba viatu.
Perisi Ntandu anasita, kana kwamba nimeomba barua zake,
kisha anavivua. Soli ya kulia imechakaa kawaida;
ya kushoto imelika upande wa nje
kama kipande cha sabuni ya mche kilichosahauliwa beseni.

Namuuliza: maumivu ni mangapi kwa kumi?
"Kwetu Ilongero maumivu hayahesabiwi," anasema.
"Yana tabia tu.
Haya yangu huamka kabla yangu. Nikikimbia yananyamaza,
nikilala yanakumbuka."
Naandika: maumivu ya usiku.
Kalamu inapunguza mwendo.

Kidole gumba changu kinashuka juu ya muundi
sentimita kwa sentimita, kama fundi anayetafuta
waya uliokatika ndani ya ukuta.
Hapa? Hapana. Hapa? Hapana.
Hapa —
hajibu, ila ngumi yake imejaa shuka la kitanda.
Mahali penyewe hapazidi sarafu ya shilingi mia mbili.
Ruka kwa mguu mmoja, nasema. Anaruka mara moja.
Ya pili anaikopa, halipi.

Maswali mengine huulizwa mlango ukiwa umefungwa.
Jana ulikula nini? Chai. Ugali wa uwele, kidogo.
Na siku zako?
Anahesabu kwa vidole, kinyumenyume: Aprili, Machi,
anakomea Krismasi.
"Kocha alisema ndiyo dalili ya kuiva."
Nimewahi kumsikia kocha akisema hivyo,
na siku hiyo aliyevaa bukta nilikuwa mimi.

Eksirei ya kwanza haikuona kitu.
Mfupa hauna haraka ya kukiri.

Basi dawa yangu, ile isiyouzwa dukani:
usikimbie.
Wiki sita.
"Mwenda pole hajikwai," najisikia nasema, kama bango la korido.
"Wala hajavaa medali," anajibu,
tunacheka wote wawili
tukiwa na hasira.

Wiki ya tatu anakuja mtiifu, ananyoosha mguu, anatabasamu.
Nageuza viatu. Kwenye mitaro ya soli
changarawe nyekundu ya kilima cha Ntyuka, mbichi.
"Vumbi la Dodoma huingia kila mahali."
Kweli. Limo kwenye chai, kwenye mafaili, kwenye nyusi za wagonjwa.
Lakini halijipangi kwenye soli namna ile
bila mtu kulikanyaga kwa kasi.
Simkemei. Nakunja suruali
namwonyesha muundi wangu, uvimbe wake mgumu,
mfupa uliounga huku umenuna.
Anaugusa kwa kidole gumba, sentimita kwa sentimita.
Sikujua kama nilikuwa nafundisha.

Tulianza upya, chini kabisa:
kunyanyua visigino kwenye ngazi ya mlango wa nyuma,
mimi nikihesabu Kigogo, yeye Kinyaturu,
tukikaribiana kwenye tano.
Karanga mfukoni. Maziwa. Uji bakuli mbili, mbele ya macho yangu.
Juni, zile siku zake zilirudi; alinong'ona kama mtu
aliyeokota noti.
Kisha dakika moja kukimbia, mbili kutembea,
kwenye njia iliyo nyuma ya wodi ya wazazi,
hatua fupi, fupi zaidi, kama anayempita mtoto aliyelala.
Nilifumba macho nisikilize:
pa, paa. Pa, paa.
Mguu mmoja bado ulikuwa unaomba ruhusa.
Ilikuwa Agosti, upepo umewapiga wote midomo hadi ikapasuka,
niliposikia pa, pa, pa, pa,
nikashindwa kujua upi ni wa kushoto.

Leo ni miadi yake ya mwisho. Saa nne. Saa nne na nusu.
Mzee Chilongola, yule wa goti, amesogea kiti kimoja mbele.
Kwenye faili naandika: Hakufika.
Nalitazama neno, natia nukta,
halafu naenda dirishani
bila sababu yoyote ya kitaalamu.